Mwanaanga siku ya kuruka: tangu anaamka mpaka roketi inawaka, anafanya nini hasa?

Mwalimu_Muheza

Wakuu salaam, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiingereza katika sekondari moja huku Muheza. Klabu ya maigizo nimeangukiwa nayo tu baada ya mwenzangu kuhamishwa. Mahafali ya kidato cha nne yako karibu, na kijana mmoja wa kidato cha tatu ameandika mchezo kuhusu mwanaanga siku anayoondoka duniani. Mtoto ana kipaji, vichekesho vimo, mazungumzo yanateleza. Kinachonikwaza ni onesho la pili. Salim (ndiye mwanaanga wetu) anaamka alfajiri peke yake, anakunywa chai, anamkumbatia mama yake mlangoni, anapanda ngazi ya roketi huku anapunga mkono, anakaa, anabonyeza kitufe chekundu. Moto. Pazia.

Moyo unakataa. Na mkuu wetu wa shule ni mtu wa Fizikia, atakaa mstari wa mbele kabisa pembeni ya mgeni rasmi, na namjua: akiona jambo haliingii akilini hasubiri mchezo uishe ndipo aseme.

Nisaidieni. Nani hasa anayewasha ile roketi? Asubuhi hiyo mtu anakula nini, anaagana na nani? Lile vazi analivaa mwenyewe au anavalishwa? Na haja ndogo, maana watoto wangu hilo ndilo wameliuliza kuliko yote, na sina jibu. Halafu huyu Salim ni Muislamu, mwandishi anataka aonekane anasali, sasa anasalije?

Bajeti yenyewe ni kitambaa, fundi mmoja wa cherehani na viti vya darasani. Anayejua kwa uhakika aseme. Wa "nadhani" wapishe kidogo. Natanguliza shukrani.

Chawa_Mstaafu

Mwalimu, kitufe chekundu kiache kama kilivyo. Bila kitufe wazazi hawatunzi.

Mzee_Injinia

Marahaba Mwalimu.

Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo Kiev miaka ya themanini, enzi bado ni Umoja wa Kisovieti. Bwenini kwetu tarehe 12 Aprili ilikuwa siku ya kelele, maana ndiyo siku aliyoruka Yuri Gagarin mwaka 1961, na Warusi hawajaacha kuisherehekea. Ugonjwa huo niliuleta nyumbani. Siku hizi wanarusha matangazo moja kwa moja mtandaoni; mama watoto akinikuta naangalia roketi imesimama tu inafuka moshi mweupe, ananiuliza kama imeharibika. Kwa hiyo nitajibu kwa upande wa Baikonur, kule Kazakhstan, ambako Warusi wanarushia roketi zao zenye watu. Wamarekani wana mila zao, wataelezwa na wengine.

Ili tusiongee kwa jumla jumla, nichukue safari moja. Tarehe 25 Septemba 2019 kiliondoka chombo kinaitwa Soyuz MS-15. Ndani watu watatu: Oleg Skripochka, Mrusi, ndiye kamanda, kiti cha katikati. Kushoto kwake Jessica Meir wa Marekani. Kulia Hazzaa Al Mansoori wa Falme za Kiarabu, rubani wa ndege za kivita, na ndiye mtu wa kwanza wa nchi yake kwenda anga za juu. Salim wako mpe kiti cha kulia, umeshapata picha kamili.

Kwanza futa lile neno "peke yake". Mtu anayeruka hana nafasi ya kuwa peke yake hata kidogo. Karibu wiki mbili kabla, wako karantini mjini Baikonur, hotelini kwao, na madaktari ndio wanaoamua nani asogee karibu. Mafua yanayokusumbua wewe siku mbili yakipanda kule juu ni balaa. Ndiyo maana mama hakumbatiwi mlangoni. Mama anaonekana nyuma ya kioo, anaongea kwa kipaza sauti, anaweka kiganja kwenye kioo upande wake na mwanawe upande wa pili. Mwambie kijana wako atumie hilo, halihitaji hata mstari wa maneno.

Pili, roketi haipo pale tangu zamani ikimsubiri. Inatolewa kama siku mbili kabla, asubuhi mapema, imelazwa juu ya behewa la treni, inakokotwa polepole mpaka jukwaani ndipo inasimamishwa. Watu wanaweka sarafu juu ya reli ili ipite ikiziponda, wanaondoka nazo. Lakini wanaosafiri wenyewe hawaruhusiwi kwenda kuiangalia, ni mkosi. Siku hiyo kwao ni siku ya kunyoa nywele. Mnacheka, lakini hawa ni watu wenye shahada tatu tatu.

Mila ni nyingi. Kila anayeruka kwa mara ya kwanza anapanda mti kwenye njia ambayo mti wa kwanza ni wa Gagarin. Usiku wa mwisho wanaangalia filamu moja ya zamani ya jangwani, ile ile tangu miaka ya sabini. Asubuhi wanaandika sahihi kwenye mlango wa chumba cha hoteli. Kuna padri wa Kiorthodoksi anawanyunyizia maji ya baraka, anawalowesha kwelikweli, hana mchezo.

Tumbo. Hili utaamua mwenyewe kama linafaa mbele ya mgeni rasmi: wanasafishwa tumbo kwa bomba kabla ya safari. Choo cha ndani ya Soyuz ni kidogo, mmebanana watatu, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukihitaji kwa jambo kubwa. Haja ndogo ina mambo mawili. Ndani ya vazi wanavaa pampasi, ndiyo, watu wazima, marubani wa vita. Na njiani kwenda kwenye roketi basi linasimama, wanaume wanashuka, wanakojoa kwenye tairi la nyuma la kulia. Inasemekana Gagarin alifanya hivyo, basi na wao wanafanya. Wanawake hawalazimiki, ingawa wapo waliobeba chao kwenye kichupa wakamwaga pale pale ili wasiachwe nje ya mila. Sasa fikiria: mtu ametoka kuvalishwa vazi lililopimwa kama linavuja, limefungwa kamba zote, halafu anashuka analifungua kwa ajili ya tairi. Mafundi wa mavazi wanakuwemo kwenye msafara. Sijui kama wanaipenda kazi hiyo.

Kuhusu kitufe. Mwanaanga habonyezi chochote cha kuwashia. Anayewasha roketi yuko chini, kwenye handaki la zege mbali na jukwaa, na hatumii kitufe, anazungusha ufunguo. Amri ya kwanza kabisa ni hiyo, "ufunguo kwenye kuwasha", halafu zinafuata nyingine moja moja kama litania ya kanisani, mpaka nguzo zinaachia. Kamanda anajibu kwa redio kwamba amesikia. Mwisho wa mamlaka yake. Hata kama kungetokea moto, wa kuwanusuru ni walio chini: Septemba 1983 roketi iliwaka moto jukwaani kabla ya kuruka, nyaya zikaungua, na walio kwenye handaki ndio walioamuru ule mnara mdogo wa kuokolea, ulio juu kabisa ya roketi, ukichomoe chombo na watu wawili ndani, Titov na Strekalov. Wakatua kilomita chache pembeni wakiwa hai.

Sasa niseme la kwangu. Kijana wako ameandika siku ya ushujaa. Siku yenyewe ni ya kutii na kungoja. Wanaingia ndani ya chombo kama saa mbili na nusu kabla ya kuruka. Mlango wa pembeni uko juu, unaingia kichwa kikiwa kinakwepa, halafu unajishusha kwa miguu kwenye tundu mpaka chumba cha chini, kidogo kama upande wa nyuma wa Noah. Unalala chali, magoti yamekunjwa kifuani. Mgongo umekaa kwenye ganda lililofinyangwa kwa plasta kufuata mwili wako peke yako, mwenzako hawezi kulikalia. Mbele yako juu kuna jopo la vitufe na mikono haifiki kwa sababu umefungwa mikanda, kwa hiyo kamanda ana fimbo fupi ya kubonyezea. Fimbo! Chombo cha kwenda angani, na mtu anabonyeza vitufe kwa kijiti.

Mkimaliza kukagua, hakuna kazi. Wanapigiwa muziki walioomba wenyewe. Wanaongea na walio chini, wanataniana. Magoti yanauma. Roketi chini yenu inasikika, valvu zinagonga, pampu zinanguruma, chombo kinayumba kidogo upepo ukipiga. Imejaa oksijeni ya kimiminika na mafuta ya taa, ndugu ya yale ya jiko la Mchina, ila yamesafishwa zaidi. Ningekuwa mimi mwandishi, mchezo wote ungekuwa pale: watu watatu chali, na mlango umeshafungwa.

Chawa_Mstaafu

Mzee shikamoo. Nimeondoa hoja yangu ya kitufe. Naunga mkono fimbo.

Fundi_Ngamiani

Mzee nimesoma mpaka chai imepoa. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga mjini, na ninavyoona Mwalimu hatafika mbali kumtafuta fundi. Naomba unielezee vazi lenyewe kifundi. Linafunguka mbele au nyuma? Zipu au vifungo? Maana umesema linapimwa kama linavuja. Zipu ninayoijua mimi inavuja hata vumbi.

Mzee_Injinia

Fundi, hilo ndilo swali la maana kuliko yote humu, na jibu lake litakufurahisha.

Linaitwa Sokol, uzito wake kama kilo kumi. Lina matabaka mawili: la nje ni kitambaa cheupe kigumu, la ndani ni mpira usiopitisha hewa. Linafunguka mbele, kifuani, mpasuo mkubwa kama wa herufi V. Unaingiza miguu kwanza, unainama, unasukuma mikono, mwisho kichwa kinapenya juu kwenye kola. Peke yako ni kazi ya jasho. Kofia imeshonewa humo humo, laini, ina kioo mbele kinachofungwa kwa bawaba. Glavu zinakazwa kwa pete za chuma za rangi ya buluu, na kifuani katikati kuna valvu, buluu pia.

Sasa ule mpasuo wa tabaka la mpira wanaufunga na nini? Ungetegemea kitu cha ajabu. Wanakusanya ule mpira wote uliobaki kifuani, wanausokota kama unafunga mdomo wa gunia, wanaukunja, halafu wanaufunga kwa rababendi. Rababendi nene, zimezungushwa mara nyingi. Kile kifundo wanakisukuma ndani, juu yake wanafunga zipu na kamba za tabaka la nje. Basi. Kati ya mwili wa binadamu na utupu kuna rababendi, na haijawahi kuwaangusha.

Baada ya hapo linajazwa hewa, limevimba, mtu amelala kwenye kiti cha majaribio na fundi anasoma saa kuona kama shinikizo linashuka. Hili linafanyika hadharani, jamaa na waandishi wako nyuma ya kioo, ndiyo ile nafasi ya mama niliyoisema.

Kingine muhimu kwa kushona: limekatwa kwa ajili ya mtu aliyekaa, magoti yamekunjwa. Akisimama linamvuta, ndiyo maana ukiwaona wanatembea kwenda kwenye basi wote wameinama mabega kama wazee wa kijiji. Hawajachoka. Ni mshono. Mkononi kila mmoja anabeba kisanduku chenye bomba linaloingia kwenye vazi, ni feni ya kumpoza, maana mle ndani ni joto kali. Wanafika mbele ya mwenyekiti wa kamati ya serikali, kila mmoja anasimama kwenye alama yake iliyochorwa chini, kamanda anatoa ripoti kijeshi kwamba wako tayari, anajibiwa, wanageuka wanapanda basi.

Na usifikiri ni vazi la maonyesho. Juni 1971 watu watatu, Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, walikuwa wanarudi duniani kwenye Soyuz 11, valvu ikafunguka kabla ya wakati, hewa ikatoka yote. Hawakuwa wamevaa mavazi ya namna hii kwa sababu watatu wakiyavaa hawaenei mle ndani. Chombo kilitua vizuri kabisa, waliofungua mlango wakawakuta wamekaa vitini. Kuanzia Soyuz 12, mwaka 1973, hakuna aliyeruka na Soyuz bila Sokol, na kwa miaka kadhaa walipunguzwa wakawa wawili tu mpaka chombo kiliporekebishwa.

Fundi_Ngamiani

Mzee asante. Rababendi ninazo kopo zima. Kwa magoti nitakata suruali nikiacha nyama nyuma na kupunguza mbele, hivyo akisimama atavutwa mwenyewe bila kuigiza.

Mwana_wa_Ruwi

Assalaam aleikum jamaa. Mie naandika kutoka Muscat, ila nilikuwa Abu Dhabi kikazi mwaka 2023, wakati Sultan Al Neyadi, mwanaanga wa Falme za Kiarabu, anakwenda anga za juu. Nijibu la sala na niongeze la Wamarekani, maana yeye aliondokea Florida.

La sala limeshafanyiwa kazi. Mwaka 2007 Malaysia walimpeleka daktari wao wa mifupa, Sheikh Muszaphar Shukor, naye kupitia hapo hapo Baikonur anapopasema Mzee, tarehe 10 Oktoba, na ilikuwa Ramadhani. Wanazuoni wa kwao wakakaa wakatoa mwongozo. Kule juu unazunguka dunia mara kumi na sita kwa siku, ukifuata jua utasali mpaka uchoke, kwa hiyo wakasema sala ni tano kwa saa ishirini na nne, na nyakati zifuate pale ulipoondokea. Kibla ni kwa uwezo: Kaaba ukiweza, ukishindwa elekea dunia yenyewe, ukishindwa popote pale. Kusimama, kukaa, kulala, hata kwa ishara ya macho. Saumu unaweza kuilipa ukirudi.

Ila mchezo wenu unaishia roketi inapowaka, kwa hiyo hayo yote Salim hajayafikia. Yeye yuko Kazakhstan, ni msafiri tayari. Ile safari ya Hazzaa iliondoka karibu saa moja ya jioni kwa saa za pale. Basi Salim asali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza kabla hawajamvalisha lile libasi, kwa sababu akishafungwa zile rababendi za Mzee hana tena wudhuu wa kuulinda wala pa kusujudia. Onesho fupi, mswala, chumba cha hoteli, mlango wenye sahihi za watu. Linatosha.

Sasa la kungoja. Sultan ilikuwa aruke Jumatatu, tarehe 27 Februari. Ofisini kwetu hakuna aliyefanya kazi, televisheni iko ukutani, mkubwa mwenyewe kaleta halua. Wale wa Florida hawana basi la tairi, wanapelekwa kwa gari za umeme nyeupe. Na wao mafuta yanajazwa watu wakiwa wameshafungiwa ndani, dakika thelathini na tano za mwisho, unalala juu ya tangi linalojazwa. Hesabu ikashuka, ikashuka, zimebaki dakika mbili na kitu, ikasimamishwa. Basi! Ile kemikali ya kuwashia injini haikuwa inafika sawasawa, chujio la mtambo wa ardhini limeziba. Na hawashuki papo hapo, wanangoja mafuta yote yatolewe kwanza. Halua ikaliwa kimyakimya. Alhamisi ya tarehe 2 Machi wakarudia yote tangu kuvaa, na safari hii akaenda. Alikaa miezi sita.

Mwandishi wenu angeweza kumfanya Salim ashushwe. Nani amesema lazima aruke?

Mzee_Injinia

Bwana wa Ruwi umenikumbusha jambo ambalo limenikaa rohoni kuliko fimbo na tairi.

Mnamjua huyu Sultan ni nani? Walioomba nafasi ile ya kwanza kule Falme za Kiarabu walikuwa watu 4,022. Wakachujwa wakabaki wawili, Hazzaa na Sultan. Wote wawili wakapelekwa Urusi, wakajifunza Kirusi, wakazungushwa kwenye kile kiti cha kizunguzungu mpaka matumbo yakazoea, wakalazwa kwenye kitanda kinachoinamisha kichwa chini ili damu izoee kupanda usoni. Yote sawasawa. Septemba 2019 Hazzaa akapanda, Sultan alikuwa ndiye wa akiba. Akafika naye mpaka Baikonur, karantini ile ile. Mwenzake akageuka kuelekea kwenye roketi, yeye akabaki chini akaitazama inaondoka. Dakika nane na sekunde arobaini na nane, Hazzaa yuko kwenye mzingo wa dunia. Sultan alingoja zaidi ya miaka mitatu, halafu zamu yake ilipofika wakaisimamisha zikiwa zimebaki dakika mbili.

Kila safari ya Soyuz ina watu wa akiba hivyo. Wanafanya kila kitu, na kazi yao siku ile ni kuwa wazima wa afya na kutohitajika. Mwalimu, mhusika wako wa pili ni huyo. Mama nyuma ya kioo anaeleweka na kila mtu, hata mgeni rasmi atajifuta macho. Lakini rafiki aliyesoma kila ulichosoma, anayekuombea uruke salama na ndani kabisa anajua kwamba ungeamka na homa angepanda yeye, huyo ndiye ningependa kumsikia anaongea. Wale jamaa kwenye mahojiano huwa wanasema maneno mazuri tu, timu moja na kadhalika. Mtoto wa kidato cha tatu ana uhuru wa kusema mengine.

Mjukuu_wa_Ungwana

Habari zenu kutoka Malindi. Nachomekea tu, maana kila mada ya roketi watu huenda Urusi na Marekani wakapita juu ya vichwa vyetu. Hapa kwetu, Ghuba ya Ungwana, Waitaliano walikuwa na jukwaa lao baharini, San Marco, roketi zikaruka kutoka hapo kuanzia 1967 mpaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, iliruka setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota, wakaipa jina Uhuru kwa heshima ya Kenya. Hakuna binadamu aliyepanda pale, ni setilaiti tu. Lakini la kitufe analosema Mzee lilikuwa vivyo hivyo hata kwetu: waliokuwa wakiendesha hesabu walikaa jukwaa lingine kabisa, Santa Rita, nyaya zikipita chini ya maji.

Mwambieni kijana aandike na hiyo siku moja.

Mwalimu_Muheza

Jamani. Nimechapa yote haya nikampa mwandishi, akaondoka nayo bila hata kuniaga. Kesho yake karudi na onesho jipya. Kitufe kimeondoka. Salim amepata rafiki anaitwa Abasi, naye ni wa akiba, na ndiye anayemshikia kile kisanduku cha feni wakati Salim anashuka kwenye basi kwa ajili ya tairi. Nimemwuliza kama ana uhakika na tairi mbele ya mkuu wa shule. Akasema, "Madam, si ndiyo ukweli?" Nimeshindwa kumjibu. Tairi litabaki, litakuwa limeegeshwa nyuma ya pazia na tutasikia sauti tu.

Mzee wangu, nina moja la mwisho. Kile kiti cha kulala chali nakipataje kwa viti vya darasani? Nimefikiria kuegemeza kiti ukutani lakini naogopa mtoto ataanguka.

Mzee_Injinia

Kiti usikiegemeze. Tandika godoro sakafuni, mtoto alale chali juu yake, halafu miguu kuanzia magotini mpaka nyayo iwekwe juu ya kiti cha darasa kilichosimama kawaida. Ndiyo mkao wenyewe hasa. Watatu wakae bega kwa bega, wa katikati na fimbo. Juu yao ning'iniza mwanasesere mdogo kwa uzi. Ule wanaubeba kweli, anayechagua huwa mara nyingi ni mtoto wa mmoja wao. Injini zikizimika kule juu uzi unalegea na mwanasesere anaanza kuelea, hapo ndipo wanajua wamefika. Kwenye mchezo wenu hatafikia kuelea, atetemeke tu.

Wazazi walioko nyuma hawataona watu waliolala sakafuni, kwa hiyo inua godoro juu ya meza mbili, na umweke mtu wa kuzishika.

Fundi_Ngamiani

Meza ninazo za kukatia, imara. Mwalimu, nitumie vipimo vya wote watatu na wa huyo Abasi. Abasi namshonea suruali ya buluu ya kawaida, kitambaa cheupe hakitoshi wanne.